Aliporudi Asubuhi: Kisa cha Ng'ombe Aliyetupa Mimba, Kutoka Daftari la Mama

Siku ya arobaini ya mama, wageni walipoondoka na masufuria yakarudishwa kwa majirani, tuligawana vitu vyake. Dada yangu mkubwa alichukua kanga. Kaka alichukua pikipiki, ingawa haikuwa imewaka kwa muda mrefu. Mimi niliomba makauntabuku.

Yalikuwa 11, ya kwaya tatu, mengine yameshonwa mgongoni kwa uzi uleule aliokuwa akishonea vidonda vya ng'ombe. Ndani yake kuna kila kisa alichokitibu tangu alipotoka Morogoro, Chuo Kikuu cha Sokoine, hadi alipostaafu. Kurasa zina madoa ya iodini. Mama alikuwa daktari wa mifugo wa pembezoni mwa Dar es Salaam, upande ambao mtu wa Kariakoo akipelekwa atauliza kama hapo bado ni Dar: Pugu, Chanika, Msongola na vitongoji vya huko nyuma. Kuna mihogo, kuna minazi na mikorosho, na nyuma ya nyumba nyingi kuna banda lenye ng'ombe wawili watatu wa maziwa wanaolishwa majani ya kukatwa na pumba za kununua.

Msibani watu walimsema kwa mema mengi. Lililorudiwa kuliko yote ni kwamba hakuwahi kukataa wito, iwe usiku, iwe mvua. Ni kweli, na namshukuru kila aliyelisema. Lakini mimi ni tabibu, natibu watu, na kazi imenifundisha kwamba kwenda ulikoitwa ndiko kwepesi. Kazi iko katika kurudi pale ambapo hakuna aliyekuita tena, kwa sababu umeona mwenyewe kuwa mara ya kwanza hukufanya sawasawa. Ndiyo maana, kati ya visa vyote vya makauntabuku 11, nimechagua hiki, ambacho mama alianza kwa kukosea. Kosa lake aliliandika kwa mkono wake. Familia yenye ng'ombe ipo, na imeniruhusu nieleze bila kutaja majina wala kitongoji.

Siku ya kwanza

Ilikuwa masika ya 2008. Mwaka uliotangulia homa ya Bonde la Ufa, ugonjwa wa mifugo unaotoa mimba na kuambukiza watu, ilikuwa imeua watu zaidi ya 140 nchini, Dodoma ikiumia kuliko mikoa mingine, na hapa Dar watu walikuwa wameiogopa nyama ya ng'ombe. Hofu ile haikuwa imekwisha. Ng'ombe wa mtu akitupa mimba, mtaa mzima ulijua kabla jua halijazama.

Aliyepiga simu alikuwa kijana wa miaka 14, mjukuu wa mwenye ng'ombe. Mama alifika saa kumi jioni. Ameandika hivi: ng'ombe chotara wa Friziani, uzao wa tatu, mimba ya miezi 7, ametupa usiku wa kuamkia leo, kondo la nyuma halijatoka, joto 39.8, anakula kidogo, kiwele hakina uvimbe. Amempiga sindano ya oksitetrasaiklini. Amekata sehemu ya kondo iliyokuwa ikining'inia na kuacha iliyobaki itoke yenyewe. Ameagiza maziwa ya ng'ombe huyo yasiuzwe hadi dawa iishe mwilini.

Kwa tiba peke yake, hakuna cha kumlaumu. Wafugaji wengi, na hata baadhi ya wataalamu, hulivuta kondo kwa nguvu mpaka likatoke, na mara nyingi huacha mji wa mimba umechanika ndani na vipande vikioza. Mama hakuvuta. Alivaa glovu ndefu za begani. Alinawa.

Kisha kuna sentensi mbili zilizoandikwa kwa haraka, herufi zimelala: "Nimesalimia getini. Mtoto ana homa, nawahi."

Mtoto huyo ni mimi. Nilikuwa darasa la nne, kitinda mimba, nimeachwa kwa jirani pale Gongo la Mboto nikiwa nimejifunika blanketi mchana. Chini kabisa ya ukurasa huo kuna safu ya namba zisizo na maelezo: 39.4, 38.9, 38.1, 37.2. Niliposoma mara ya kwanza nilifurahi kuona jinsi sindano ilivyoshusha joto la ng'ombe.

Ukurasa unaofuata una tarehe ya kesho yake, na unaanza na maswali matatu, kila moja kwenye mstari wake. "Aliyetupwa yuko wapi? Nani alimbeba? Nani ndani ya nyumba anaumwa?" Chini ameandika: "Sikuuliza hata moja."

Hodi

Ya siku ya pili nayakumbuka mwenyewe, maana nilikuwepo. Homa yangu ilikuwa imeshuka, jirani alikuwa na safari ya sokoni, na mama hakuwa na wa kumwachia. Alinifunga kwa kanga mgongoni mwake juu ya pikipiki kama mtoto mchanga, mimi mwenye miaka 10, nikaona aibu njia nzima. Tulipofika alinitandikia mkeka chini ya mwembe, mbali na banda, akaniambia nisishuke mkekani, nisiguse chochote, na nikikaribishwa kinywaji nishukuru tu. Kwa mtoto wa Kiswahili hilo la mwisho lilikuwa zito. Kukataa cha mtu nyumbani kwake ni tusi.

Mara hii mama hakuanzia bandani. Alivua gambuti, akanawa mikono kwa sabuni, akasimama mlangoni kwa wenyewe na kupiga hodi. Sauti ya mwanamke mzima ikamkaribisha kutoka chumbani.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Jana ulipita kwangu kama mwizi."

"Nisamehe mama. Ndiyo maana nimerudi."

Alikaa ndani muda mrefu kiasi kwamba nililala usingizi. Alichokipata humo kimejaza ukurasa mzima. Bibi, mwenye ng'ombe, mjane, alikuwa anaumwa tangu mfungo wa Ramadhani, yaani miezi 6. Homa inakuja jioni, inaondoka, inakaa siku kadhaa, inarudi. Usiku anatoka jasho hadi kanga inaloa. Mgongo unauma, nyonga inauma, kupanda kitandani ni shida. Alikuwa ametibiwa malaria mara tatu na taifodi mara moja. Kila tiba alipata nafuu ya siku chache, kisha yaleyale.

Mama alimuuliza anavyokunywa maziwa. Bibi akamjibu kwa fahari kwamba ya chai yanachemshwa kama kawaida, lakini yeye kila asubuhi lazima apate kikombe kimoja kinachotoka kwenye kiwele wakati huohuo, bado kina moto wake, maana ndivyo marehemu mumewe alivyomzoesha. Na mtindi wa nyumba hiyo uligandishwa kwa maziwa mabichi.

Kama tabibu, sehemu hii ndiyo inayonishika. Jana yake, ugonjwa wa bibi ulikuwa nyuma ya ukuta mmoja tu, hatua 10 kutoka banda. Kilichomzuia mama kuuona ni kwamba alisalimia getini. Shikamoo ya pale kitandani ilikuwa sehemu ya uchunguzi, kama kipimajoto kilivyo. Mzee asiyetoka nje kumpokea mgeni ana sababu, na ukimfuata ndani utaiona. Mama alilijua hilo maisha yake yote. Siku moja tu aliliacha, kwa ajili yangu.

Maswali mawili yaliyobaki yalijibiwa nje. Ndama aliyetupwa alibebwa na kijana kwa mikono mitupu na kuwekwa kwenye shamba la mihogo, ambako mbwa walikuwa wamekwisha kumfikia. Banda lilisafishwa kwa maji na ufagio na mkamwana wa bibi, miguu peku. Alikuwa na mimba ya miezi 5.

Walichimba shimo lenye kina cha kifua cha yule kijana, wakazika kila kilichopatikana, wakamwaga chokaa juu yake na kwenye sakafu ya banda. Mama alimwambia mkamwana asiingie tena bandani hadi ajifungue, wala asikamue. Hakumpa maelezo marefu siku hiyo. Alimshika mkono na kumwambia, "Nifanyie hilo mimi, mwanangu."

Alivyofikiri

Majirani walikuwa na jibu tayari: Bonde la Ufa limerudi. Mama alilichukulia kwa uzito wake kwanza, kisha akaliweka kando, na sababu ameziandika. Homa ya Bonde la Ufa haitoi mimba moja tu ikatulia. Hupita kama dhoruba: mbuzi na kondoo hutupa kwa wingi, bila kujali umri wa mimba, na vitoto vichanga hufa kwa siku chache. Pale palikuwa na mbuzi 5 kwenye uwanja huohuo, wawili wana mimba, wote wazima. Nagana inayoletwa na mbung'o nayo hutoa mimba, lakini ng'ombe huyu hakuwa amekonda, na utando wa ndani ya kope zake haukuwa mweupe.

Kilichobaki mbele yake kilikuwa mimba iliyotoka baada ya mwezi wa tano, kondo lililobaki, na mtu ndani ya nyumba mwenye homa inayokuja na kuondoka. Hiyo ni picha ya brusela, ugonjwa ambao wafugaji wetu wameupa jina linaloeleza kila kitu: ugonjwa wa kutupa mimba. Ni bakteria. Hujaa kwenye kondo, kwenye majimaji ya uzazi na kwenye ndama aliyetupwa, na hutoka kwenye maziwa. Mtu huupata kwa kunywa maziwa mabichi au kwa kushika uzao kwa mikono mitupu, na bakteria wachache sana wanatosha. Bakteria hao waligunduliwa mwaka 1887 na David Bruce, daktari wa jeshi la Uingereza kisiwani Malta, kwa askari waliokuwa wakifa kwa homa. Ilichukua hadi 1905 ndipo Themistocles Zammit alipowakuta kwenye mbuzi wa kisiwa hicho, na maziwa yakajulikana kuwa njia. Miaka 18 watu walitazama wagonjwa bila kumtazama mbuzi. Naelewa jinsi ilivyowezekana, maana katika chumba changu cha kutibia nami nimekaa na wagonjwa wa homa zisizoisha bila kuwauliza wanafuga nini.

Kuna jambo jingine alilolipata usiku wa siku ya pili, akipekua daftari lilelile nyuma. Kurasa 80 hivi kabla, nyumba hiyohiyo, mstari mmoja: ng'ombe mwingine, yule mkamuliwa mkubwa wa lita 14, alizaa salama lakini kondo likabaki. Aliletwa pale baada ya kununuliwa kwa mfugaji aliyekuwa akihama. Pembeni ya mstari huo mama ameongeza kwa kalamu nyekundu: "Huyu ndiye aliyeingia nao. Nilimtibu kwa mikono yangu, sikuunganisha."

Hapo muda unakaa sawa. Bibi alianza kuumwa kabla ng'ombe wa kwanza hajatupa mimba, kwa sababu chanzo hakikuwa huyo aliyetupa. Kilikuwa yule mzuri, anayetoa maziwa mengi kuliko wote na ambaye hakuna aliyemshuku.

Damu ya Temeke, barua ya zahanati

Alitoa damu kwa ng'ombe wakubwa wanne. Vichupa aliviweka kwenye kiboksi chenye barafu za kununua dukani, akaiacha pikipiki nyumbani, tukapanda daladala hadi Tazara, kisha ya Barabara ya Mandela hadi kituo cha Vetenari, maabara ya mifugo ya Temeke. Nilimshikia kiboksi mapajani. Alinionyesha kwa dirisha wanavyofanya: tone la majimaji ya damu, tone la dawa ya rangi ya waridi, vinachanganywa na kutikiswa taratibu kwenye kigae cheupe kwa dakika 4. Kama mnyama ana kingamwili za brusela, rangi hugandamana vipunjepunje. Kama hana, hubaki laini. Kipimo hicho huitwa Rose Bengal, na kikisema ndiyo hufuatwa na kingine cha kuthibitisha.

Majibu: wawili wanao, yule aliyetupa na yule wa lita 14. Ng'ombe mzee na mtamba, yaani jike ambaye hajazaa, hawana.

Kabla hata majibu hayajatoka, alikuwa ameandika barua kwa zahanati iliyokuwa ikimtibu bibi. Nakala yake imebandikwa kwenye daftari. Ni fupi: mgonjwa huyu anaishi na ng'ombe aliyetupa mimba, anakunywa maziwa mabichi, homa yake ina miezi 6, naomba afikiriwe brusela. Alipokelewa vibaya. Mtu mmoja pale alimwambia mbele ya wagonjwa kwamba daktari wa ng'ombe asiwafundishe kazi. Mama hakujibu. Alikaa kwenye benchi hadi zamu ikabadilika, akaieleza upya kwa mwingine, na huyo akaandika rufaa.

Nimekaa upande wa pili wa dirisha hilo na sitaki kumhukumu mtu kwa wepesi. Zahanati nyingi wakati ule hazikuwa na kipimo cha brusela, na foleni ilikuwa ya malaria tupu. Lakini kumvunjia heshima aliyekuletea habari ya mgonjwa wako ni kosa la kitabibu. Siku hizi tunafundishwa Afya Moja, kwamba binadamu, mnyama na mazingira watazamwe pamoja. Mama alikuwa akiitenda kwa barua ya kuandika kwa mkono na saa nne za benchi.

Bibi alipimwa hospitali ya juu, akakutwa nao. Alipewa doksisaiklini kwa wiki 6 pamoja na sindano za streptomaisini wiki 3 za mwanzo. Wiki 6 si mchezo kwa mtu aliyezoea vidonge vya siku tatu, na wengi huacha mara homa inapokata, ndipo ugonjwa unaporudi. Mama alimwekea kijana kazi ya kumkumbusha na kuchora mstari ukutani kwa mkaa kila siku bibi anapomeza. Kijana na mkamwana walipimwa, wakawa wazima, wakaagizwa kurudi kupimwa tena, kwa kuwa ugonjwa huu unaweza kukaa wiki kadhaa kabla haujaonekana.

Yule wa lita 14

Kwa watu kulikuwa na dawa. Kwa ng'ombe hakukuwa na lolote la kumfariji mwenyewe. Brusela kwa ng'ombe haitibiwi, kwa sababu bakteria hujificha ndani ya chembechembe za mwili, kwenye tezi na kwenye kiwele, na mnyama anayeonekana mzima huendelea kuwatoa kwa maziwa na kila anapozaa. Kinachotakiwa ni kumwondoa kwa kuchinja. Mkaguzi akisimamia, akaondoa kiwele, mji wa mimba na tezi, nyama nyingine huweza kuliwa ikipikwa.

Kuliandika hivyo ni rahisi. Bibi alikuwa akisomesha wajukuu wawili kwa kiwele cha ng'ombe huyo. Bei ya nyama haikaribii bei ya mkamuliwa. Na hapo karibu kuna mnada wa Pugu, ambako ng'ombe hushuka kutoka mikoani kila wiki. Dalali mmoja alikwisha kumwambia atamchukua usiku, amtafutie mnunuzi wa mbali, hakuna atakayeuliza. Bibi mwenyewe ndiye aliyemweleza mama habari hiyo, na mimi nadhani alimweleza kwa sababu alitaka azuiwe.

Mama angeweza kutumia sheria. Hakuitumia. Alirudi pale mara 5 katika siku 16, bila kulipwa, na kwenye daftari hakuna tiba iliyoandikwa siku hizo, ila maneno kama "tumezungumza" na "bado". Siku moja bibi alimuuliza: kama mimi nimetibiwa na napona, kwa nini yeye asitibiwe? Mama akamjibu kwamba hata yeye bibi anameza dawa wiki 6 kwa mwili wa kilo 60, na bado lazima achunguzwe tena. Ng'ombe akimezeshwa vivyo hivyo ataonekana amepona, kisha atamwambukiza mtoto aliye tumboni kwa mkamwana wako siku utakayokuwa umesahau.

Kilichomaliza mazungumzo, nadhani, si hoja hiyo peke yake. Wiki ya tatu ya dawa bibi aliamka na kanga kavu, kwa mara ya kwanza tangu mfungo. Asubuhi hiyo alikwenda bandani mwenyewe na kuwafungua kamba ng'ombe wale wawili.

Mama hakumwacha mikono mitupu. Alizungumza na mfugaji mmoja wa upande wa Msongola ambaye mifugo yake ilikuwa imepimwa, akakubali kumpa bibi mtamba kwa mtindo wa kopa ng'ombe lipa ng'ombe: jike la kwanza atakalozaa linarudi kwa mwenyewe.

Ninapotofautiana naye

Siku hizo 16 ng'ombe wale wawili walibaki bandani. Aliyetupa alikuwa hakamuliwi, lakini yule wa lita 14 alikamuliwa, na maziwa yake yaliuzwa. Mama aliagiza yachemshwe hadi yafure kabla hayajatoka nyumbani, na kijana anasema yalichemshwa kila siku, mama akiwapo au asipokuwapo. Brusela haistahimili kuchemshwa. Kwa hiyo hatari ilikuwa ndogo.

Lakini kulikuwa na wateja waliokuwa wamekunywa maziwa ya nyumba hiyo kwa zaidi ya mwaka, mabichi, wakigandisha mtindi. Hao hawakuambiwa ukweli wote. Mama alipita nyumba kwa nyumba na kuwaambia wachemshe maziwa, ya mfugaji yeyote, na mwenye homa isiyoisha akapimwe. Hakumtaja bibi. Sababu yake ipo: "Nikimtaja leo, kesho ng'ombe yuko Pugu."

Nimeisoma sentensi hiyo mara nyingi. Alikuwa sahihi kuhusu bibi. Kwa hofu iliyokuwepo baada ya 2007, angekosa wateja siku hiyohiyo na dalali angekuja na kamba. Lakini mteja mwenye mimba kwenye moja ya nyumba hizo alikuwa na haki ya kujua kuwa ni maziwa yake hasa, si maziwa kwa jumla. Mimi ningewaambia mara tu ng'ombe alipochinjwa. Mama hakurudi kuwaambia, na katika kisa chote hapo ndipo ambapo hakurudi. Ningetamani angekuwepo tubishane. Angekunja kanga, angesema, "Haya, tabibu, nifundishe," na angesikiliza kweli.

Nyumbani

Nilipokuwa mdogo nilikuwa na malalamiko moja dhidi yake ambayo sikuyasema kwa mtu. Watoto wa jirani walikimbilia mama zao wakirudi kazini. Mimi nikikimbia, wangu aliinua kiganja: simama hapo. Gambuti zilivuliwa nje ya uzio. Ovaroli iliingia kwenye ndoo yenye dawa, peke yake, na haikufuliwa pamoja na nguo zetu. Alioga kwanza, na akimaliza ndipo aliponiita, mara nyingine mimi nimeshasusa. Mwaka wangu wa pili chuoni, kwenye somo la magonjwa yanayotoka kwa wanyama, mwalimu alipotaja kwamba familia za wanaoshughulika na mifugo nazo huambukizwa kwa nguo na mikono, nilitoka nje ya darasa nikakaa kwenye ngazi.

Mtamba wa kukopa alizaa jike mwaka uliofuata, na ndama akarudishwa Msongola kama walivyoahidiana. Ng'ombe walipimwa tena mara mbili, wote hawana. Mkamwana alijifungua salama. Bibi aliishi miaka mingi baadaye na hakuwahi kunywa tena maziwa mabichi, ingawa mjukuu wake anasema aliyasikitikia hadi mwisho.

Mjukuu huyo ndiye niliyemfuata mwezi uliopita kuomba ruhusa ya kuandika. Ana watoto sasa, na ana ng'ombe 8 kwenye banda lenye sakafu ya saruji na shimo la kuzikia lenye mfuniko. Alinikaribisha maziwa yaliyochemshwa, nikanywa. Nikamfungulia daftari nimwonyeshe ukurasa wa siku ya kwanza, ile siku aliyopiga simu, na jinsi mama alivyofuatilia joto la ng'ombe wake hadi likashuka.

Aliitazama ile safu. 39.4, 38.9, 38.1, 37.2. Akaniuliza namba hizi alizipima saa ngapi, maana jioni ile daktari aliondoka mapema na hakurudi hadi asubuhi. Nikasema labda alipima palepale, mfululizo. Akatikisa kichwa.

"Dada," akasema, "ng'ombe mzima hashuki 38. Akifika 37 huyo anakufa. Hili si joto la ng'ombe wetu."